Shingo Yangu na Kamera ya Loda

Shingo yangu iliacha kugeuka kabla mimi mwenyewe sijawa tayari kuacha kazi. Ilikaza kidogo kidogo, kwanza upande wa kushoto, kisha wa kulia, mpaka ikawa nikitaka kumtazama mtu aliyeketi kando yangu lazima nigeuke mwili mzima kama kabati linalohamishwa. Daktari alisema mifupa imelika kwa miaka mingi ya kutikiswa kwenye kiti cha mashine. Akaniandikia dawa za maumivu, halafu akaniuliza kama sina kazi nyingine ya kufanya.

Nikamwambia ninazo: kupika, kufua na kupalilia. Na zote nilikuwa nazifanya tayari.

Kazi yangu ni kuendesha loda ndogo. Ina baketi la chuma mbele, inatembea kwa mikanda minene ya mpira badala ya magurudumu, na inaongozwa kwa vishikio viwili, kimoja kila mkono. Hapa Voi inapendwa kwa sababu inaingia katikati ya nyumba, pahali ambapo tingatinga kubwa halipiti. Mimi na mume wangu tuliinunua ikiwa imeshatumiwa na wengine, na tangu ifike kwetu hakuna mtu mwingine aliyekalia kile kiti kufanya kazi. Ubaya wake ni mmoja. Injini iko nyuma ya dereva, nayo ni pana. Vioo vinakuonyesha ubavuni tu. Nyuma hasa hupaoni bila kugeuza shingo.

Siku hiyo nilikuwa nasawazisha kiwanja Kaloleni, zilipokuwa zinajengwa nyumba za kupanga. Nilikuwa nimevaa kola ya sponji ambayo daktari alinipa, nikaificha chini ya leso niliyojifunga shingoni ili watu wa mjengo wasiulize maswali. Nikarudi nyuma polepole. Nikasikia chuma kinalia. Nikasimama.

"Madam! Zima mashine!" Msimamizi wa mjengo alikuja mbio, suruali imejaa vumbi jekundu.

Nilishuka nikaona. Wilbaro ilikuwa imelala chini ya mkanda, imekuwa bapa kama chapati. Mwenyewe alikuwa ameiacha hapo akaenda kunywa maji.

"Uliangalia nyuma?" msimamizi akauliza.

"Niliangalia kioo."

"Sijauliza kioo. Nimeuliza nyuma."

Nilifungua leso mbele ya wote, kola ikaonekana. Nilijua maswali yake yatanifichua tu, nikaona afadhali nijifichue mwenyewe. Mafundi waliokuwa wakichanganya simiti waliacha koleo zao wakatutazama.

"Kesho leta mashine," msimamizi akasema, "lakini uje na dereva. Mwanaume. Mwenye shingo."

"Mashine hii haina dereva mwingine."

"Basi hata mashine ibaki kwako."

Niliiendesha mashine kwenda nyumbani. Kuhusu shingo, alikuwa na haki, na nilijua. Ningeweza kumponda mtu. Lakini hilo neno "mwanaume" lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki. Ameona mwanaume gani mwenye macho kisogoni?

Mume wangu anafanya kazi ya afisi. Ni mtu mpole, hapendi mabishano. Jioni hiyo alinipaka dawa ya kuchua shingoni, na katikati ya kuchua akasema, "Mama, tuiuze."

"Siuzi."

"Na kama ile wilbaro ingekuwa mtu?"

Niliifunga kola yangu tena. Halafu nikamwambia, "Ndiyo sababu sitakaa hapa nikingoja shingo ipone. Nitaiwekea mashine macho nyuma."

Niliwapigia simu wauzaji wa vipuri Mombasa. Walikuwa na kamera iliyotengenezewa mashine kama yangu, na bei waliyonitajia ilinifanya nicheke kwa sauti, tena walitaka mashine ipakiwe kwenye lori ipelekwe kwao. Nikaenda duka la vipuri vya magari pale mjini, nikanunua kamera ya kawaida, ile ya magari madogo ya nyumbani, na kioo chake kidogo cha kutazamia. Haikunishinda bei. Nikaipeleka kwa fundi wa stima za magari aliye karibu na soko, mzee wa Pwani ambaye hana haraka na kitu.

Aliigeuza mkononi. "Dada yangu, kamera hii hupata moto wa stima kutoka kwa taa ya rivasi. Mashine yako haina gia ya rivasi wala taa yake. Unavuta vishikio tu, inarudi."

"Basi ipe moto kutoka kwa swichi. Nikifungua ufunguo, iwake. Nikizima, izime."

"Itakuwa inawaka kutwa nzima. Itachoka upesi."

"Ikichoka nitanunua nyingine. Mimi pia nimechoka na bado nafanya kazi."

Alicheka, akachukua kikapu chake cha vifaa akanifuata nyumbani.

Tulianza asubuhi, chini ya jua kali la uwanja wetu. Alikataa kuunga waya wowote kabla hajaweka fyuzi karibu na mwanzo wa moto. Alisema waya usio na fyuzi ni kiberiti. Tukaupitisha waya ndani ya kipande cha paipu ya mpira, mbali na bomba la moshi, na kwenye bawaba za mlango wa injini akauacha ulegee kidogo, ili nikifungua mlango usikatike. Kioo tulikifunga upande wa kulia ndani ya kibanda cha dereva, usawa wa macho yangu, pasipohitaji shingo.

Kamera yenyewe tuliifunga kwenye mlango wa injini. Nikawasha. Picha ikatetemeka kama chekecheke la unga, sikuweza kutofautisha mti na ukuta. Tukaifungua. Tukaipandisha juu, chini ya ukingo wa paa la kibanda, na katikati ya chuma na chuma tukatia kipande cha mpira wa tairi kuukuu. Picha ikatulia.

Nikaweka ndoo nyekundu nyuma ya mashine, upande wa kulia. Kwenye kioo ikatokea kushoto.

"Hii itaua mtu," nikasema.

"Ngoja." Fundi alitafuta kitanzi kidogo cha waya kilichochomoza nyuma ya kamera, akakikata. Ndoo ikahamia kulia, pahali pake.

Bado ile mistari ya rangi iliyokuja na kamera ilikuwa inadanganya. Ilipimiwa gari dogo, si mashine yangu. Basi nikapanga mawe nyuma kwa umbali ninaoutaka, nikachukua rangi ya kucha, nikachora juu ya kioo mstari wangu mwenyewe. Kitu kikigusa mstari huo, nasimama. Mume wangu alirudi kutoka kazini akautazama, akaniuliza kama sasa ninaipamba mashine. Nikamwambia asimame nyuma yake. Akasimama. Nilimwona mpaka vifungo vya shati.

Kazi ya kwanza niliipata Mahoo, kusafisha mfereji wa maji katikati ya migomba. Pale hakuna nafasi ya kugeuza, unaingia mbele unatoka kinyumenyume. Mbuzi wa mwenye shamba walikuwa wanapita nyuma yangu wanavyotaka. Kila walipopita nilisimama. Mwenye shamba, mama mwenye sauti kubwa, akaniuliza mbona nasimama hivyo na sigeuki. Nikamwambia, "Nawaona wote. Yule mweusi anachechemea." Alienda kumkagua mguu.

Halafu simu ikalia. Alikuwa yule msimamizi. Walihitaji kuchimba njia ya maji kati ya majengo mawili, na tingatinga walilokodi halikuweza kupita.

"Umepata dereva?" akauliza.

"Ninaye."

"Nani?"

"Mimi."

"Na shingo?"

"Haijapona, na haitapona. Nakuja kesho. Ukinikataa, unikatae ukiwa umeketi kwenye kiti changu."

Nilifika na kola yangu nimeivaa juu ya blauzi, bila leso. Nikamwambia apande. Alipanda huku akiguna, magoti yakimgonga kifuani. Niliwasha umeme bila kuwasha injini, nikaivua kola, nikazunguka nyuma, nikasimama pale hasa ambapo hakuna kioo cha pembeni kinachofika. Nikainua mkono.

"Nimeshika nini?"

Alikisogelea kioo. "Kola ya shingo."

"Upande gani?"

"Kulia."

"Basi shuka. Hicho ni kiti changu."

Alishuka. Hakuomba radhi, nami sikumngoja aombe. Alisema tu, "Lakini vioo pia uangalie." Nikamwambia nitaviangalia, na kila mara kabla ya kuanza nitazunguka mashine kwa miguu na kupiga honi, kwa sababu kamera si malaika. Na watu wake wakae mbali na nyuma yangu, yeye akiwa wa kwanza. Aliwafukuza wote mpaka kwenye ua. Nilimaliza ile njia ya maji kabla ya jua kuchwa.

Shingo imezidi kuwa mbaya tangu wakati huo. Kuna asubuhi mume wangu hunisaidia kuinuka kitandani, na bado hunitazama kwa lile jicho la "tuiuze". Namwambia siku ambayo mikono itakataa, hiyo nitauza.

Majuzi nilikuwa Mraru, nang'oa visiki kwenye kiwanja cha mtu. Tawi la mwiba liliikamata kamera likaing'oa na waya wake. Kioo kikawa cheusi. Nikazima injini.

"Sasa nini?" mteja akaniuliza. "Si kiwanja umeshakijua? Malizia tu."

"Simalizii nikiwa kipofu."

"Unanichelewesha."

"Ndiyo. Nakuchelewesha."

Tangu fundi aniambie kamera itachoka upesi, sitoki bila nyingine ndani ya sanduku la vifaa. Nilipanda juu ya injini, nikaondoa waya uliokatika, nikaunga wa kamera mpya, rangi kwa rangi, kama nilivyomwona fundi akifanya. Mteja alitazama saa yake, akavuta pumzi kwa nguvu ili nisikie. Nilisikia. Nikachukua bisibisi nikaendelea kukaza skrubu, moja moja, mpaka kamera ilipokaa imara.