Kichaka Kilichotaka Baridi

Tabu Mashaka alipunguzwa kazi kiwanda cha nguo mwaka 1991, yeye na wenzake zaidi ya mia mbili. Wengi walifungua genge la nyanya au wakaingia kwenye mitumba. Yeye aliokota makopo ya rangi yaliyotupwa na mafundi samani wa Keko, akajaza udongo na samadi, akaanza kuotesha maua kando ya barabara.

"Watu wana njaa, wewe unawauzia maua?" majirani walimcheka.

Aliendelea kujaza makopo. Miaka ile watu walikuwa wakijenga kila upande, na aliyemaliza ukuta alitaka cha kuupamba. Bogenvilia zake hazikukaa, zilinunuliwa upesi.

Miongoni mwa wateja wake alikuwamo Bi Rabab, mjane wa Kihindi wa Chang'ombe. Siku moja mwaka 1993 alikuja na vijiti vitatu vyenye miiba, amevifunga kwenye kitambaa kibichi.

"Nimetoka Uingereza kumzika dada yangu," alisema. "Hiki kichaka kilikuwa mlangoni kwake. Kinatoa maua mekundu kabla hata ya majani. Mie mkono wangu hauoteshi kitu, Tabu. Nioteshee."

Vijiti viwili vilioza. Cha tatu kilishika, kikatoa majani na miiba, kikanenepa. Maua hakuna. Tabu alikiwekea majivu, akakihamishia kivulini, akakirudisha juani, akakinyima maji, akakizidishia.

"Vipi mgonjwa wetu?" Bi Rabab aliuliza kila alipopita.

"Mzima, Bi Rabab. Ila hataki kuchanua."

Baada ya mwaka na nusu Tabu alianza kuona haya. Akiona gari la yule mama, anajishughulisha na makopo ya nyuma. Ilimjia hata kumwambia kimekufa, yaishe.

Ndipo Gregori, fundi mitambo waliyefanya naye kazi kiwandani, alipokuja Dar kwenye harusi ya mpwawe. Baada ya kupunguzwa, yeye alikuwa amerudi kwao Njombe. Alikizunguka kile kichaka, akatikisa kichwa.

"Dada Tabu, hiki unakionea bure. Kwetu mitofaa hupigwa baridi kwanza, inapukutika majani yote, ndipo ichanue. Hiki hapa hakijawahi kulala."

Tabu alikwenda Chang'ombe kwa miguu kusema ukweli na kueleza maneno ya Gregori. "Hapa Dar hakitachanua, hata nikikesha nacho."

Bi Rabab alimsogezea kiti. "Huyo rafiki yako anaaminika?"

"Anaaminika."

"Basi mpe, akakipande kwao."

Gregori alikipakata kikiwa ndani ya kopo lake kwenye basi mpaka Njombe, akakipanda nyuma ya jiko. Baridi ya kwanza ilipita bila kitu. Agosti 1996 barua ikaja kwa mkono wa kondakta, mstari mmoja tu: *Kimetoa, njooni upesi.*

Walisafiri wawili. Bi Rabab alikuwa na miaka sitini na nne na hakuwahi kuvuka Morogoro kwa barabara. Alivaa sweta la marehemu mumewe na bado alitetemeka. Walikikuta kichaka kimefika magotini, kitupu bila jani, na maua tisa yamegandamana na matawi.

Tabu alivunjika moyo. Miaka yote ile! "Ndiyo haya tu?"

"Ndiyo haya," Bi Rabab alisema. Alichuchumaa kwa shida, akashika ua moja kwa vidole viwili, akalia kidogo, kisha akamwomba mke wa Gregori kiti. Alikaa pale mpaka chai ikapoa.

Asubuhi ya kuondoka Gregori alishika kisu awakatie vijiti vya kubeba. Bi Rabab akamzuia.

"Kiache. Kimeshapata pa kukaa. Mie nitakuja."

Alirudi kweli mwaka uliofuata, peke yake. Tabu hakuweza kwenda, hakuwa tena na wa kumwachia maua. Ile safari ya kwanza aliporudi Keko alikuta jirani aliyemwachia vitalu amevimwagilia asubuhi na jioni kwa moyo safi, na asmini zote zimeoza mizizi. Alimshukuru, akamwaga makopo, akaanza kuchanganya udongo upya.