Ijumaa Tuliyomwona Baba

Mama alishuka stendi ya Bukoba amevaa kitenge kipya, na mfuko wa kahawa ya kutafuna ameubana kwapani. Nikamwuliza kahawa yote hiyo ya nini. Akanitazama kwa namna aliyonitazama tangu utotoni kila nilipouliza swali la kipuuzi.

"Watu wanakuja kumwangalia baba yako," akasema. "Unataka wakae mdomo mtupu?"

Kwetu mgeni hupewa kahawa kabla hajaulizwa kilichomleta. Nilijaribu kumweleza kwamba hawa ni wageni wa kituo cha sanaa, wala hawaji kijijini kwetu Ijumbi, kule Muleba. Nilipoteza pumzi bure. Kwa mama, popote alipo baba ndipo nyumbani, na mwenye nyumba akitokea kwenye pazia la filamu, basi mke wake ana wageni.

Niseme kwanza ilikuwaje baba yangu, mkulima wa migomba na kahawa ambaye hakuwahi kukanyaga ukumbi wa filamu, akaingia kwenye filamu. Miaka michache kabla hajafariki, dada mmoja mtengeneza filamu alifika Muleba kutafuta wazee wanaotengeneza rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa njia ya zamani. Akaelekezwa kwetu. Akashinda pale na wenzake wawili, wakimpiga picha baba akikanyaga ndizi mbivu kwenye mtumbwi wa mbao, suruali ameikunja hadi magotini. Mimi sikuwepo. Niliisikia habari hiyo kwenye simu, nikacheka, nikaisahau.

Baba alipofariki ndipo tulipogundua kwamba hatukuwa na sauti yake popote. Picha zilikuwepo: ya kipaimara changu, ya harusi ya mdogo wangu, ile ya kitambulisho ambayo amekunja uso utadhani anashitakiwa. Lakini simu yake ilikuwa ya tochi tu, na sisi watoto, wenye simu za kila aina, hatukuwahi kumrekodi. Nani anamrekodi baba yake akiuliza kama mvua imenyesha huko mjini? Mama hakulalamika sana. Ila siku moja tukimenya ndizi aliniambia kwamba sura ya baba anaiona akifumba macho, bali sauti imeanza kumkimbia, na hilo linamwogopesha kuliko kifo chenyewe.

Kwa hiyo kituo cha sanaa cha hapa mjini kilipoandaa wiki ya filamu na maonyesho, nami nikaingizwa kwenye kamati kwa sababu sijui kusema hapana, nilimpigia yule dada. Akakubali filamu yake ioneshwe Ijumaa jioni. Nikampigia mama. Akauliza kitu kimoja tu.

"Anaongea humo?"

"Anaongea, mama."

Wiki yenyewe ilianza kwa kusuasua. Jumatatu wanafunzi wetu wa Kahororo, shule ninayofundisha, walicheza ngoma mbele ya wazazi wao na viti vitupu. Jumanne ilikuwa filamu ya wavuvi wa kisiwa cha Bumbire, nzuri kabisa, ikatazamwa na watu ambao ningeweza kuwapa wote chai nyumbani kwangu na vikombe visipungue. Jumatano kina mama wa Kiislamu wa mjini walighani mashairi, na hapo palichangamka, maana walikuja na shangazi zao na majirani zao. Alhamisi tukarudi kwenye viti vitupu. Kamati ikakutana, nyuso zimeshuka, na mtu mmoja akatoa wazo: tumlete DJ.

Asiyejua mambo yetu nimweleze. Kwenye vibanda umiza vya hapa kwetu, filamu ya Kihindi au ya Kichina haitazamwi hivihivi. Yupo DJ na kipaza sauti chake. Anapunguza sauti ya filamu, halafu anawasemea wahusika kwa Kiswahili, anaongeza chumvi, anawatania, anamwonya shujaa kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Watu hawaendi kuona filamu, wanakwenda kumsikia DJ. Na huyu tuliyempata alikuwa hodari. Tangazo lilipotoka kwamba Ijumaa atakuwepo, simu zikaanza kulia za watu wanaouliza kama viti vitatosha.

Na mimi nilifurahi. Nilidhani atafanya vitu vyake kwenye filamu ya mapigano iliyopangwa kutangulia jioni hiyo, kisha baba atapewa nafasi yake. Sikuuliza, wala hakuna aliyeuliza, kwa sababu sote tumekulia kwenye desturi hiyo: DJ akishika kipaza sauti, kinachopita mbele yake ni chake.

Ukumbi ulifurika. Mama alipita safu moja baada ya nyingine akigawa kahawa, wageni wakapokea kwa mikono miwili. Mzee mmoja alimwuliza ni sherehe ya nani. "Ya mume wangu," akajibu, akaja kukaa pembeni yangu.

Baba akatokea. Alikuwa mkubwa, mkubwa kuliko alivyowahi kuwa, miguu yake ikipanda na kushuka kwenye majani na ndizi, jasho likimtoka. Mama alinishika mkono. Midomo ya baba ikafunguka, na kutoka kwenye spika ikaja sauti ya DJ.

"Oya, mzee wa mazoezi! Wenzake wanalipia jimu, yeye anakanyaga ndizi!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. DJ hakuwa mtu wa kwetu, Kihaya alikuwa hakijui hata cha kuombea maji, kwa hiyo alibuni. Baba akiongea na kamera, DJ alimfanya awaite wateja. Baba akiinama kuchota, DJ alimfanya alalamikie kiuno. Kuna mahali baba anageuka, anaita kuelekea upande wa jikoni, halafu anasimama, kibuyu mkononi, anasubiri huku anatazama ule upande. Anasimama muda mrefu. DJ akasema, "Hapa anaangalia kama mama mwenye nyumba yuko mbali, aonje kimoja." Watu walishika mbavu. Ningekuwa si mtoto wake ningezishika zangu pia, maana kusema kweli yule mtu alikuwa anachekesha.

Nilitaka kusimama nikaseme tuacheni tumsikie. Mkono wa mama ukanizuia. Alikuwa anatabasamu, tabasamu la mwenyeji ambaye wageni wake wamefurahi, na machozi yalikuwa yanamtoka. Taa zilipowashwa akawashukuru majirani wa kushoto na kulia kwa kuja.

Tulipofika kwangu alivua viatu, akakaa.

"Nimemwona," akasema. "Sikumsikia."

"Nitaitafuta sauti, mama. Yule dada anayo."

"Pale alipokuwa amesimama, alikuwa ananiita. Niliona mdomo. Alikuwa ananiita nionje."

Hiyo ilikuwa desturi yao wawili. Rubisi kwetu ni kazi ya wanaume, lakini baba hakuchanganya juisi yake na mtama kabla mama hajaonja kibuyu cha kwanza na kumwambia kama maji yamezidi. Wanaume wenzake walimcheka, wakasema anatawaliwa. Alikuwa akiwajibu kwamba ulimi wake yeye ni wa kusengenya tu, wa mke wake ndio wa kazi.

Mama akarudi Ijumbi asubuhi. Mimi nikamganda yule dada mpaka akanitumia kwenye simu kile kipande chenye sauti halisi ya baba. Sikukisikiliza. Nilitaka tukisikilize pamoja na mama, nione uso wake; na nakiri kwamba nilijiona mtoto mwema sana nikiwa safarini kwenda Muleba.

Nilimkuta jikoni. Nikaweka simu juu ya kinu kilichogeuzwa, nikabonyeza.

Miguu ya baba ikasikika kwanza, ule mlio wa maji na majani. Kisha sauti yake, ya chini kidogo, yenye mkwaruzo niliokuwa nimeusahau. Mama aliziba mdomo kwa khanga. Baba akageuka, akamwita kama alivyomwita siku zote, mama fulani, kwa jina langu mimi mtoto wao wa kwanza. Akamwita tena. Na hapo, kutoka nyuma ya kamera, ikaja sauti ya mwanamke, kali, yenye haraka.

"Waitu, jamani, niache kwanza! Wageni watakula nini? Subiri!"

Baba akacheka kidogo. Akasimama na kibuyu chake, akasubiri, akitazama jikoni. Kipande kikaisha hapo.

Nilitaka kumpa mama sauti ya mume wake, nikampa na ya kwake.

"Rudia," akasema. Nikarudia. Akasikiliza ameinama, na ile sauti kali ilipofika akafumba macho.

"Sasa nilikwenda?"

"Sijui, mama. Picha imeishia pale."

"Sikumbuki. Siku zote nilikuwa nakwenda." Akachukua ndizi akaanza kuimenya, akaiweka chini. "Muulize yule binti. Lazima anacho kipande kinachofuata. Nataka tu kujua kama nilikwenda."

Nikatoka uani nikampigia. Yule dada alikumbuka vizuri, akaniambia kwa furaha, maana kwake ilikuwa kumbukumbu nzuri. Hakuna kipande kinachofuata, akasema. Walizima kamera pale pale, kwa sababu mama alitoka jikoni akawaita wote wakale, chakula kisipoe. Ndizi na samaki, hajawahi kula tamu kama zile. Mzee? Mzee aliweka kibuyu chini kikiwa kimejaa vilevile, akanawa, akaja kula na wao.

Nikarudi jikoni. Mama aliinua uso.

"Anatafuta," nikamwambia.

Sasa kila nikienda Ijumbi mama hunipokea mzigo, hunipa kahawa ya kutafuna, huniuliza habari za shule. Halafu huuliza kama yule binti amekipata kile kipande, nami humwambia bado anatafuta.