Mchanga Katika Ndagala za Bibi

Juma lililopita nilikuwa sokoni Kakoba, pale Mbarara, nikitafuta maharagwe ya mbegu. Nikamkuta muuzaji mmoja amepanga ndagala za Ziwa Tanganyika, wale samaki wadogo wakavu wa kwetu Kivu ya Kusini, kwenye vifuko vya nailoni. "Mzee, hizi ziko safi. Hakuna mchanga hata kidogo," akaniambia. Nilinunua. Hakujua, ndugu yangu, kwamba kwa neno hilo alikuwa amenirudisha Nakivale, kambi ya wakimbizi hapa Uganda, kwenye ua wa bibi yangu kule Rubondo.

Tulifika Rubondo nikiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni. Kila mwaka, siku ile ya kufika iliporudi, bibi alipika ugali wa muhogo na ndagala, akaita majirani wa mstari wetu mzima. Sisi watoto tulichota maji kwenye bomba na kutandika mikeka. Bibi alikuwa na desturi yake: alionja kwanza, ndipo akaomba. "Siwezi kushukuru Mungu kwa kitu chenye sijaonja," alisema. Na ndagala ilikuwa lazima zitoke Tanganyika, ziwa alilozaliwa kando yake. Alituambia kwamba siku atakayozikosa, atajua kuwa kwao pamemsahau.

Aliyezileta ni jirani yetu mjane, aliyeuza samaki kwa kupima. Alivuka Mto Kagera hadi upande wa Tanzania, ambako wachuuzi walizifikisha kutoka Kigoma, akarudi na gunia juu ya baiskeli. Harufu ilimtangulia, nasi tulimkimbilia njiani, paka wakitufuata.

Mwaka 2000 alirudi amekunja gunia tupu kwapani.

"Mama, kule mupakani mambo imebadilika," alimwambia bibi. "Ushuru yenye banaomba sasa, faida yote inabakia pale. Banasema Tanzania imetoka mu umoja wa biashara."

Bibi aliacha kupepeta unga. "Inchi nayo inakimbiaka? Nilizania ni batu tu."

Tulicheka sote. Jirani alicheka mpaka akajifuta macho, ingawa leo sina hakika kama kilikuwa kicheko tu. Nilipokua ndipo nilipoelewa: ulikuwa umoja wa nchi nyingi zilizopunguziana ushuru, na Tanzania ilipojitoa, mali yake ikaanza kutozwa kama mali ya mgeni. Wakubwa waliamua mbali sana. Sisi tuliliona jambo hilo kwenye sufuria.

Jirani alinong'ona kwamba iko njia ya panya, porini. Bibi akatikisa kichwa. "Hapana, mwanangu. Siku ya kushukuru Mungu haiwezi kuanza na kujificha polisi."

Siku ilipokaribia, jirani alikwenda Mbarara akanunua mukene, samaki wa Ziwa Viktoria. Wanafanana na ndagala kama watoto wa baba mmoja, ila wao walianikwa juu ya mchanga. Aliwaosha, akawaosha tena, akawakaanga kwa mawese na pilipili nyingi ili ulimi wa bibi upotee njia. "Mutu asiseme kitu," alituonya watoto.

Wageni walikaa. Bibi akaonja. Tukasikia sote, katikati ya meno yake: krr. Jirani aliinamisha kichwa. Bibi aliendelea kutafuna polepole, akitazama vilima, nami niliogopa kwamba ataweka sahani chini, na kwamba tangu siku hiyo hatakuwa na kwao popote.

Akameza.

"Hii haikutoka kwetu," alisema. "Umeiosha sana, mwanangu. Mikono yako ilichoka." Kisha akafumba macho. "Baba, asante na kwa muchanga. Inchi yenye ilitupokea, leo imeingia mpaka mu meno yetu. Amina. Mukule sasa, isipoe."

Tulikula mpaka sufuria ikang'aa. Miaka iliyofuata alimwambia jirani asijisumbue kuosha sana.

Jirani hakuvuka tena mto. Alikwenda kulima maharagwe Rugaaga, na mizani yake ikawa mahali pa kuku kutagia. Baadaye nchi za Afrika Mashariki zilipatana upya kuhusu ushuru, ndagala zikarudi sokoni kidogo kidogo. Lakini bibi alikuwa amekwisha kulazwa katika udongo wa Rubondo, na jirani alikuwa amehamishiwa nchi ya mbali pamoja na watoto wake. Mungu alirudisha samaki, naye ahimidiwe. Watu wa ule mkeka hawakurudi.

Jioni ile ya Kakoba mke wangu alipika ndagala zangu za kifuko. Mimi ni mzee wa kanisa sasa, na mezani kwangu bado naonja kwanza, kama nilivyofundishwa. Zilikuwa laini, tamu, ladha ile ile ya ziwa la bibi. Nilitafuna taratibu, nikatafuna tena.

"Kuna nini, baba?" mke wangu akauliza. "Umekuta mchanga?"

"Hapana," nikamjibu. "Natafuta."

Kisha nikaomba.