Vanishi Niliyoichuja

Miaka ile ya hamsini Ifakara nzima ilijua kwamba fundi rangi ni mmoja, na huyo mmoja nilikuwa mimi. Kama alikuwapo asiyejua, nilimweleza. Milango ya misheni niliipaka mimi, majeneza ya wenye nafasi niliyang'arisha mimi, na hakuna marehemu aliyewahi kurudi kulalamika.

Kwa hiyo mzungu wa vipimo aliponiita sikushangaa, ila nilishangaa kwamba alikuwa amechelewa kunijua. Alikuwa ametengeneza kwa plasta mfano wa bonde la Kilombero, mpana kama milango miwili, una milima upande mmoja, mto katikati, na vijito na njia zote. Serikali ilikuwa ikifikiria kuyazuia maji huku na kuyapeleka kule, na wenye mashamba wangeitwa barazani waone wenyewe maji yatafika wapi. Mashamba mengi yangebaki salama. Akanipa vanishi za aina mbili. Ya kwanza inang'aa, hiyo ya mto na ya mahali patakapokaa maji. Ya pili haing'ai, hiyo ya nchi kavu. Alisema hata asiyejua kusoma ataelewa. Kisha akaniagiza hiyo ya pili niikoroge sana, mpaka chini kabisa ya kopo, akapanda gari akaenda zake kupima upande wa Mlimba.

Mtu mzima, fundi, unafundishwa kukoroga kopo! Nilimwitikia kwa heshima, nikalifungua alipoondoka. Chini kulikuwa na tope jeupe, zito kama uji uliolala. Sasa mimi ni mtoto wa mpika pombe. Nyumbani kwetu kila mtu alijua kizuri ni kile kilichochujwa, na mashapo ni ya kuku. Nikaihurumia Ulaya, nchi kubwa namna ile kuuza vanishi chafu, nikaichuja kwa kipande cha kanga kuukuu ya mama, tena mara mbili. Ikatoka safi, ungedhani asali. Mashapo nikayamwaga nyuma ya kibanda changu cha kazi.

Nikapaka nchi kavu. Ikang'aa.

Nilianza na brashi, maana brashi haina mdomo wa kujitetea. Nikaibadilisha, ikang'aa. Nikalaumu masika, nikangoja siku ya jua, ikang'aa zaidi. Nikasugua kwa majani ya msasa mpaka vilima viwili vikapoteza vichwa, nikapaka upya, na bonde likawaka kama kipara kilichopakwa mafuta. Siku moja ya mvua yalitokea mabaka meupe, mng'ao ukafifia, nikajipongeza na kwenda kunywa. Niliporudi unyevu ulikuwa umekauka na bonde linanikodolea macho tena. Nililaumu kila kitu kilichokuwamo kibandani isipokuwa mwenye kibanda.

Siku ya baraza ikafika, mzungu hakufika. Gari lake lilikuwa limezama kwenye matope huko huko Mlimba, basi karani wake ndiye aliyesimamia. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumweleza kwamba nchi kavu imenishinda. Lakini karani aliinama juu ya mfano, akauona uso wake mwenyewe ndani ya mashamba ya watu, akasema hajawahi kuona kazi safi namna ile. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Maneno yangu nikayameza, nikasema ahsante.

Wa kwanza kusogea alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama, mkulima wa Kisawasawa, aliyetembea tangu alfajiri ya jana yake. Shamba lake lilikuwa chini bondeni, na mpunga wake mwaka ule ulikuwa umezaa kuliko miaka yote, umebakiza wiki chache tu uvunwe. Hakujua kusoma, ila alikifuata kijito kwa kidole mpaka akafika kwake bila kupotea. Karani akatangaza kama alivyofundishwa: panapong'aa ni maji. Mjomba alikitazama kidole chake, kiko juu ya mng'ao. Kisha akanigeukia mimi.

"Mpwa wangu, kazi hii ni yako?"

"Ni yangu, mjomba."

"Basi hapa pangu ni maji?"

Karani alikuwa bado ananitazama kwa ule uso wa sifa. Maneno mawili tu yangetosha: nimepaka vibaya. "Ndivyo ilivyopimwa," nikamjibu.

Akanishukuru. Jamani, mtu yule alinishukuru. Wengine waligombana na karani hadi alasiri, wakisema serikali haiwezi kuzamisha bonde zima, wakaenda zao bila kuamini hata neno moja. Wao hawakuwa na mpwa fundi.

Mzungu alirudi baada ya wiki. Hakunigombeza. Aliutazama mfano, akauliza liko wapi lile tope jeupe la chini. Nikamwonyesha wanakochakura kuku. Akafungua kopo jingine, akakoroga mpaka mkono ukachoka, akapaka kipande kimoja. Kilikauka kama udongo, hakikung'aa hata chembe. Kumbe lile tope ndilo dawa yenyewe ya kuua mng'ao, na mimi bingwa nilikuwa nimeimwaga dawa nikapaka kilichobaki.

Siku hiyo hiyo nilichukua baiskeli nikaenda Kisawasawa. Nilikuta shamba limebaki mabua. Mpunga ulikuwa umekatwa ukiwa kijani, kuuwahi kabla ya maji. Mke wa mjomba na wanawake wenzake walikuwa wanakaanga na kutwanga pepeta, ule mpunga mchanga unaobondwa ukawa bapa, ambao sisi huonja konzi mbili tatu kila msimu kwa kujifurahisha. Safari hii shamba zima lilikuwa pepeta. Uliokuwa mchanga mno walipewa mbuzi.

Nikamweleza mjomba yote, kuchuja na kumwaga. Nikamwambia pia kwamba pale barazani nilijua shamba lake ni la nchi kavu, na nikanyamaza kwa sababu ya sifa.

Hakuuliza habari za vanishi.

"Karani sikumwamini," alisema. "Nilikuamini wewe."

Nilipoaga, mkewe alichukua mfuko wangu akaujaza pepeta mpaka mdomoni, akaufunga yeye mwenyewe kwenye baiskeli.

"Mpelekee mama yako," alisema. "Mwaka huu tunayo nyingi."