Kemshafti za Mjomba

Mjomba alipofariki aliacha gari lisilo na injini. Bodi ilikaa juu ya matofali nyuma ya gereji yake hapa Morogoro mjini, na injini ilikuwa mezani, imefunuliwa kichwa. Alikuwa akiijenga upya na mwanawe, binamu yangu, wapate gari la mbio la kutembelea barabara za kawaida. Kila nilipopita niliwakuta wakibishana juu ya kemshafti, ile mihimili yenye nundu inayofungua na kufunga valvu. Binamu alitaka zenye nundu kubwa, gari liruke kwenye barabara ya Dodoma. Mjomba alitaka za wastani.

"Nundu kubwa haina nguvu kwenye mwendo wa chini," alikuwa akisema. "Mimi nataka kumpandisha dada yangu Matombo bila kumshusha njiani."

Dada yake ndiye mama yangu. Walinunua jozi zote mbili na ubishi ukabaki palepale.

Baada ya arobaini ukoo ulikaa huko Matombo, kijijini kwetu mlimani. Kwetu Waluguru mali hufuata tumbo: mrithi wa mtu ni mtoto wa dada yake, si mwanawe wa kumzaa. Gari nikapewa mimi, muuza iliki na mdalasini nisiyejua hata kufungua plagi. Wazee wakaongeza kwamba nimekalia kiti cha marehemu, hivyo watoto wake sasa wataniita baba. Binamu alikuwa mwisho wa mkeka, akaitikia kama wengine. Nilitamani ardhi inimeze. Nisingeweza kukataa, maana kukataa urithi ni kumtupa marehemu. Lakini huyu tumekula naye sahani moja tangu utotoni, na ndugu mwingine wa kiume sina. Niliogopa kumpoteza.

Nilimwomba amalizie injini, akakubali. Aliendelea kuniita binamu, nami nikashukuru kimoyomoyo.

"Nifunge zipi?" aliniuliza siku moja, jozi zote mbili zikiwa mbele yetu. "Chagua wewe, binamu. Gari ni lako."

Lile "lako" lilinichoma. Nikaona hapa ndipo pa kumfuta machozi: wazee wamemnyima gari, basi angalau ashinde ubishi.

"Weka zako, hizo kubwa," nilisema, nikijiona nina busara kweli.

Alizitazama kidogo, kisha akazifunga. Nilidhani amefurahi.

Siku ya kumpeleka mama kaburini kwa kaka yake, binamu hakuja. Alisema ana kazi. Kwenye lami tulikwenda kwa raha, mpaka mama akacheka. Lakini njia ya Matombo ni mawe na kona, mwendo wa kinyonga, na injini ile mwendo huo haikuuweza. Ikatetemeka, ikakohoa, ikazima. Kila nikiwasha, inazima. Mwishowe mama alishuka akajifunga kanga kiunoni, akaupanda mlima kwa miguu, mimi nikimfuata kwa kustukastuka na gari la watu.

"Kaka asingenishusha," alisema tulipofika.

Tuliporudi mjini nilikwenda kwa binamu kuomba zile za wastani. Nikamweleza yote. Aliingia chumbani, akatoka na ovaroli kuukuu ya mjomba iliyofungwa kamba kama mzigo. Ndani yake zilikuwemo kemshafti, zimepakwa oili juzijuzi tu.

"Ungeniuliza, ningekwambia tufunge za mzee," alisema. "Mimi nilikuwa nabishana naye kwa sababu alikuwepo."

Nilikosa pa kuweka macho. Vitu vyote vya baba yake tulivigawana sisi, watu wa tumbo moja. Hivi tu ndivyo vilivyokuwa vimesahaulika, na nimevifuata hadi chumbani kwake.

Alifunga mzigo upya, akanipa kwa mikono miwili, kama tunavyowapa wakubwa.

"Chukua, baba," alisema.

Niliuweka juu ya kiti nikaondoka. Tangu siku hiyo hajaniita binamu tena.