Ukoko wa Wenye Nyumba

Juzi, kwenye matanga ya jirani hapa Mtopanga, nilimwona mtoto akiikodolea macho sufuria ya pilau iliyokuwa ikiisha, nikakumbuka alasiri yetu.

Tulikuwa tumetoka kumzika mama, na baba alikuwa ametangulia zamani. Ua ulijaa moshi na mlio wa miiko. Kila sinia lilipotoka jikoni nilisogea na wadogo zangu wawili, na kila mara shangazi Kadzo alituzuia kwa mkono. "Nyie ngojeni kwanza." Wakala wazee, wakala majirani, wakala hata vijana waliochimba kaburi. Nikaamini kwamba sisi hatuna thamani tena, na kwamba jioni jamaa watatugawana. Nikaingia ndani, nikafunga nguo zetu sote watatu katika kanga moja ya mama, ili wasitutenganishe.

Shangazi alinikuta mlangoni na furushi kichwani.

"We Sidi, waenda wapi?"

"Twaondoka. Hata chakula mmetunyima."

Akacheka huku machozi yakimtoka. "Mwanangu, mgeni ndiye hulishwa kwanza. Mwenye nyumba hula mwisho. Nyumba hii ni yenu, nami nahamia humu nikae nanyi."

Baadaye niliacha shule nikauza mahamri naye, lakini hatukutengana. Siku ile alitukwangulia ukoko, mkavu, wenye harufu ya moshi na iliki, tukala wanne sinia moja. Niliposhiba nilifungua furushi, nikazirudisha nguo za wadogo zangu msumarini.