Mtihani Si Mzigo wa Mkonge

Siku nisiyoisahau, mwanangu Elia, ni ile niliyokwenda mahakama ya Kimamba kumshtaki jirani ambaye mbuzi wake walimaliza mahindi yangu. Kesi ilikwisha vizuri. Hakimu, kijana wa Masanze, akatoka nje tukazungumza. Nikamwambia na mimi niliwahi kuutaka uhakimu, ila mtihani wa kuingia chuo cha sheria ulinishinda mara mbili. Akatabasamu kwa upole.

“Mzee wangu, mimi niliufanya mara tatu. Hakuna aliyeniuliza habari ya zile mbili. Walitazama nilivyofaulu, basi.”

Nilirudi nyumbani, nikakaa nikiikumbuka kambi ya mkonge.

Maana wakati ule nilipofeli mtihani nilikuwa nakata mkonge, na kidarasa changu cha sita. Shambani, nyapara akiuona mzigo wako wa majani ni mwembamba anaukataa, na siku ile haiandikwi kwenye kipande chako, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi. Ukizidi kukataliwa, unafukuzwa. Sisi wa kambini tulidhani dunia nzima inakwenda hivyo, na karani wetu, Gaspari Lwambo, alilijua hilo. Nilipomwomba ruhusa niende Kilosa kuujaribu mtihani mara ya tatu, akanijibu mbele ya wenzangu:

“Wewe ni mzigo uliokataliwa mara mbili. Wazungu wa chuo wameshakutia alama. Ukienda tena, hata hapa hurudi.”

Watu wakacheka, na tangu hapo nikaitwa Bwana Hakimu. Nikamwamini. Kumbe alitaka mtu ajuaye kusoma amhesabie mizigo, yeye akae kivulini, mimi nilipwe ujira wa mkataji.

Najua na wewe umeufeli mtihani huohuo mara mbili, mwanangu, hata kupita stesheni penye watu unaona haya. Usione haya. Kaufanye tena. Ila usirudi vilevile ulivyokwenda. Kaa kwanza na aliyefaulu, akuonyeshe ulipokosea. Na ukitaka kujua kama watakupokea, kawaulize wenyewe wa chuo, usimuulize mtu anayefaidi ukibaki hapa. Mungu akufungue kichwa, akupe kiti nilichonyimwa mimi.

Gaspari yuko hai. Ana duka Kidete, na vijana wanampa shikamoo. Jumamosi tunakwenda kwake, mimi na wewe. Simdai fedha. Nataka aniambie, wewe ukisikia kwa masikio yako, kwa nini alinidanganya.